Glaida ya balsa iliyotiwa mota: dalili, chanzo na dawa

Seti nyingi za kuundia glaida za rimoti, yaani ndege ndogo zisizo na mota, kwa balsa (mbao nyepesi sana), zenye bawa la mita 2, za ukubwa wa ile iitwayo Gentle Lady, zilichorwa zirushwe kwa kamba au kwa mpira wa kuvuta, na kila gramu ilihesabiwa kwa kazi hiyo. Ukiitia mota, uzito unatoka gramu 700 na kitu hadi karibu 1,000, na nguvu inatokea puani, mahali ambapo mchoro uliweka vipande vya risasi tu. Ndiyo maana kasoro nyingi zinazodhaniwa ni za mota chanzo chake ni kingine: uzito umekaa pasipo pake, mota imefungwa kwa pembe isiyofaa, au propela hailingani na mzigo. Kwanza hakikisha ndege inateleza vizuri mota ikiwa imezimwa. Halafu pima umeme mezani. Ukishamaliza hayo mawili ndipo uihukumu mota hewani. Kila mara badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha viwili hutojua kipi kilichoponya.

Vipimo vya humu vinafuata mfano huu: bawa la mita 2, eneo lake desimita za mraba 43 hivi, mota isiyo na brashi ya ganda linalozunguka, gramu 70, KV 1000 (mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti), kidhibiti mwendo cha ampea 30, kile kinachoandikwa ESC juu yake, betri ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli 3, mAh 1300 (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wake), gramu 120 hivi, propela ya kukunja 10x6, yaani kipenyo inchi 10 na hatua ya mzunguko mmoja inchi 6. Mzigo huu unatakiwa kula wati 180 hadi 220. Wati 100 kwa kila kilo ya ndege zinapandisha kivivu, wati 150 hadi 200 zinapandisha kwa raha. Zaidi ya hapo, kwa bawa la balsa, ni kuomba shari. Na kama seti yako ina maelekezo ya zamani yanayotaja mota ya brashi ya Speed 600 na seli 7 za nikeli-kadimiamu, ukurasa huo uruke. Zile seli peke yake zinakaribia gramu 400.

Mota inanguruma, ndege haipandi

Anza na kisicho na gharama. Tazama propela: upande wenye mbinuko, ambao mara nyingi ndio wenye maandishi ya kipimo, uelekee mbele ya ndege. Propela iliyofungwa kinyume bado inavuta, lakini vibaya, na ndiyo inayowadanganya watu wengi. Kisha tazama mzunguko. Ukisimama nyuma ya ndege, propela ya kawaida inazunguka kama mshale wa saa. Ikiwa inarudi kinyume, badilishana waya zozote mbili kati ya zile tatu za mota. Waya za betri usiziguse. Ukizigeuza hizo, kidhibiti kinaungua papo hapo.

Likishakuwa sawa hilo, vua propela uweke upya mipaka ya kijiti cha nguvu. Kwa vidhibiti vingi: washa rimoti kijiti kikiwa juu kabisa, chomeka betri, subiri milio, shusha kijiti chini kabisa, subiri milio ya kuthibitisha. Kidhibiti kisichojua mwisho wa kijiti kinaweza kuishia robo tatu ya nguvu huku wewe unanunua mota mpya. Rimoti za Futaba zinataka chaneli ya nguvu igeuzwe kwanza, la sivyo kidhibiti kinagoma kuwaka.

Sasa pima. Mita ya wati inakaa kati ya betri na kidhibiti. Malitimita ya kawaida ya madukani Darajani, Unguja, haifai kazi hii, kwa sababu nyingi zina mwisho wa ampea 10 na fyuzi yake itakwenda. Rudisha propela, funga ndege mezani kwa kamba, kaa nyuma ya propela na si ubavuni mwake, peleka nguvu juu kabisa kwa sekunde 5 na usome.

Ukikuta ampea 8 au 10, propela ni ndogo. Toka 8x4 uende 9x5, kisha 10x6, ukipima kila hatua. Ukikuta ampea 28 na zaidi, rudi nyuma hata kama ndege inapanda vizuri. Kidhibiti cha ampea 30 hakitakiwi kuishi ukingoni, hasa kwa joto letu. Ukikuta ampea zinaanza 20 kisha zinateremka haraka pamoja na volti, lawama ni ya betri. Betri nzima ya seli 3 iliyojaa ina volti 12.6, na chini ya mzigo wa ampea 20 isishuke chini ya volti 10.5, yaani 3.5 kwa seli. Ikishuka hadi 9.5 katika sekunde za mwanzo, imechoka, au namba ya C iliyobandikwa juu yake, ile inayosema betri inatoa ampea mara ngapi ya ujazo wake, ni ya kuuzia. Betri ya mAh 1300 yenye 25C kweli inatoa ampea 32. Yenye 10C inatoa 13 tu, na hakuna propela itakayoifanya itoe zaidi bila ya kuvimba.

Lipo pia kosa dogo la propela za kukunja: skrubu za mabawa yake zimekazwa mno. Zikaze kiasi ambacho ukiinua pua juu, mabawa yanaanguka yenyewe kwa uzito wake. Yakigoma kufunguka sawasawa, moja linabaki nusu, ndege inatetemeka na haivuti.

Pua inakwea, ndege inasimama, kisha inaanguka

Hii ndiyo dalili ya glaida iliyotiwa mota, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Watu hushusha eleveta (kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua) kwa rimoti, ndege ikapanda vizuri, kisha mota ikizimwa inapiga mbizi. Chanzo ni kwamba bawa la glaida limepangwa kubeba kwa mwendo wa polepole. Ukiongeza mwendo, mnyanyuo unazidi na pua inakwea. Dawa ni kuielekeza mota chini kidogo, nyuzi 3 hadi 4, ili ivute pua chini wakati ule ule mwendo unapoipandisha.

Ikiwa mota imefungwa mbele ya ukuta wa plaiwudi na matundu ya skrubu yameachana milimita 25, washa (kijiduara cha chuma kinachovaliwa na skrubu) ya milimita 1.5 nyuma ya kila skrubu ya juu inakupa nyuzi 3 na kitu. Ikiwa mota imefungwa kwa ndani, shafti ikitokeza kupitia tundu la ukuta, mambo yanageuka: washa zinakwenda kwenye skrubu za chini. Ukichanganya hapa utapata pua inayokwea maradufu na hutoamini macho yako.

Ndege ikigeuka kushoto kila ukitia nguvu, huo ni msokoto wa propela. Elekeza mota kulia nyuzi 2: washa ya milimita 1 kwenye skrubu za kushoto, ukitazama kutoka nyuma, kwa mota iliyo mbele ya ukuta. Usitibu kwa usukani. Utakapozima mota ndege itaanza kugeuka upande wa pili.

Ila pembe ya mota haiponyi kila kitu. Zima mota juu, acha kijiti, utazame. Kama pua inapanda na kushuka hata kwenye utelezi mtupu, tatizo ni kitovu cha uzito (pale ndege inapokaa sawa ukiibeba kwa vidole) au pembe ya mkia, na hapo washa hazina kazi.

Kitovu cha uzito hakirudi mahali pake

Anza pale mchoro ulipoweka alama. Kwa glaida nyingi za aina hii ni asilimia 35 hadi 40 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Bawa la sentimita 23 linakupa sentimita 8 hadi 9. Kwa ruko la kwanza bora uwe milimita 5 mbele ya alama kuliko nyuma yake.

Seti isiyo na mota ilihitaji risasi puani, mara nyingi gramu 80 hadi 120. Itoe yote kabla ya kupima. Kuna glaida zinazoruka na risasi ya zamani ikiwa imegandishwa kwa gundi ndani ya pua, na mwenyewe anashangaa kwa nini ndege nzito mbele.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mota ya gramu 70 iliyo sentimita 30 mbele ya kitovu inavuta kwa 2,100. Ukitaka kuisawazisha kwa uzito mkiani, sentimita 60 nyuma, unahitaji gramu 35 za bure, na mkia mzito ni adui wa glaida. Betri ya gramu 120 ukiirudisha nyuma sentimita 17 na nusu inafanya kazi ile ile bila ya kuongeza hata gramu moja. Kwa hivyo sanduku la betri lifike hadi chini ya bawa, na ukanda wa kunasa uwe mrefu ili betri iweze kusogezwa mbele na nyuma. Ikiwa nafasi haitoshi, kata pua. Kufupisha pua sentimita 3 kabla ya kubandika ukuta wa mota ni rahisi. Baada ya kufunika ndege kwa filamu yake ya plastiki ni mtihani.

Ukisharuka salama, jaribu kwa mbizi. Panda juu, zima mota, shusha pua kama nyuzi 30, ongoza mpaka mwendo upande, kisha acha kijiti. Ikiinuka taratibu, uzito uko sawa. Ikiinuka kwa fujo, pua ni nzito: rudisha betri nyuma milimita 3 na upunguze eleveta iliyoinuliwa. Ikizidi kuzama, ishike mara moja. Uzito uko nyuma mno, na jaribio hilo usilirudie mpaka betri isogee mbele.

Mota inatetemeka bila ya kuzunguka, au inalia kama inakwaruzwa

Karibu kila mara waya moja kati ya tatu haifikishi umeme. Chomoa mota kwenye kidhibiti. Gusanisha ncha mbili, zungusha ganda kwa vidole: lazima uhisi limekuwa zito. Fanya hivyo kwa jozi zote tatu. Waya iliyopo katika jozi mbili nyepesi ndiyo iliyokatika.

Mkato mara nyingi uko kwenye kiungo. Fundi simu ana kalamu ya kulehemu yenye ncha nyembamba, nzuri kwa kazi zake, lakini plagi ya milimita 3.5 inameza joto lake lote na risasi inaganda juu tu bila ya kushika. Tafuta ya wati 60 yenye ncha pana. Na usifupishe waya za mota: kwenye mota nyingi ndogo waya hizo ni nyuzi zile zile za koili zilizotoka nje, zimepakwa vanishi. Ukikata, ncha mpya haishiki risasi mpaka uikwaruze kila uzi kwa kisu au msasa hadi shaba ing'ae. Uzi mmoja ukibaki na vanishi yake, mota itazunguka lakini itapata moto.

Mtetemo, na pua inayolegea

Mabawa ya propela ya kukunja yapime kila moja peke yake kwenye mizani ya sonara. Tofauti ya gramu 0.1 unaisikia mkononi. Punguza lililo zito kwa msasa laini karibu na ncha. Kofia ya propela ikiyumba, legeza na ufunge upya ukigeuza nusu duara. Shafti iliyopinda inabadilishwa. Kuinyoosha ni kupoteza asubuhi.

Yote hayo yakiwa sawa na mtetemo upo, shika mota uisukume. Pua za seti hizi ni balsa tupu, nazo hazishiki skrubu. Ukuta wa mota uwe plaiwudi ya milimita 3, ubandikwe kwa epoksi ya dakika 30, na nyuma yake pembeni pote utie vijiti vya balsa vya pembetatu vya milimita 10. Epoksi ya dakika 5 inalainika kwa joto la mota, na gundi ya papo hapo, ambayo kwa unyevu wa huku inaganda kabla haijapenya, inapasuka kwa mtetemo.

Mota inazima hewani

Tazama kama sevo, vimota vidogo vinavyosogeza vibao vya mkia, bado zinatii. Zikitii, kidhibiti kimekata kwa makusudi, ama betri imefika kikomo chake, kwa kawaida volti 3.0 hadi 3.3 kwa seli, ama kimepata moto. Betri ya mAh 1300 kwa ampea 20 inakupa dakika 3 za nguvu kamili ukiacha akiba, yaani mipando sita ya nusu dakika. Ukikatiwa mapema zaidi, gusa kidhibiti mara ukishatua. Kikiwa hakigusiki, hewa haipiti. Mtindo wa kukifunga kwa sifongo ndani ya pua ndio unaokiua. Toboa tundu la mbele la sentimita za mraba 4, na la kutokea nyuma ya bawa lenye ukubwa mara mbili ya hapo. Tundu la kuingilia bila la kutokea halisaidii kitu. Pua yenye filamu nyeusi ikiachwa juani inaanza kazi ikiwa tayari na joto, basi chagua rangi nyepesi.

Sevo nazo zikifa, hatari ni kubwa zaidi. Kidhibiti kinalisha risiva (kipokezi cha rimoti) kwa volti 5 kupitia sehemu iitwayo BEC. Ya aina nyepesi inageuza ziada yote kuwa joto: volti 12.6 hadi 5 kwa ampea 1 ni wati 7.6 ndani ya kipande kidogo kama kidole. Sevo mbili za gramu 9 inazimudu. Ukiongeza sevo za breki za bawani, tumia kidhibiti chenye BEC ya kuswichi. Sevo inayonguruma ikiwa imesimama pia inakula umeme. Tafuta fimbo inayokwaruza.

Haitelezi kama zamani

Kwanza, kubali kwamba ndege imebadilika. Mzigo wa bawa umetoka gramu 17 kwa desimita ya mraba hadi 23, na mwendo wa kutua unapanda kama asilimia 16. Hiyo si kasoro. Kasoro ni propela inayoendelea kuzunguka baada ya mota kuzimwa, kwa sababu breki ya kidhibiti haijawashwa. Iwashe kwenye mpangilio wake. Propela ikisimama, upepo unayakunja mabawa yenyewe.

Kisha tazama bawa kutoka nyuma, usawa wa jicho. Wakati wa masika balsa inanyonya unyevu na filamu inalegea, na ncha moja inajipinda. Ncha zote mbili zinatakiwa ziinuke nyuma kwa kiasi kimoja, milimita 3 hadi 5. Ikiwa si sawa, pinda kinyume kwa mkono kupita kiasi kidogo, pitisha pasi ya joto juu na chini, acha ipoe huku umeishika. Ndani ya pua na sanduku la betri paka vanishi nyepesi. Balsa iliyo wazi inaongezeka uzito kimya kimya.

Bawa linapinda au kibao cha mkia kinavuma

Mhimili wa bawa ulihesabiwa kwa glaida nyepesi. Kabla ya kufunika, tia vibao vya balsa vya milimita 1.5 kati ya fito za juu na chini za mhimili, nyuzi za mbao zikisimama wima, kutoka katikati hadi nusu ya kila upande. Ukisikia mvumo ukiwa kasini, punguza mwendo papo hapo na uinue pua taratibu. Ni fimbo ya eleveta iliyolegea au bawaba iliyochoka. Mbizi na mota ikiwaka haifanywi kwa ndege hizi.

Siku na mahali pa kujaribia

Tangambili, kati ya kaskazi na kusi, ndiyo majira yake, na asubuhi kabla upepo haujashika. Kusi la Juni hadi Septemba upande wa mashariki wa Unguja linaizidi nguvu glaida ya gramu 1,000. Usilaumu mpangilio wako siku hiyo. Mchanga wa Jambiani maji yakipwa, hasa siku za bamvua, ni mpana na mgumu, lakini jua saa maji yanaporudi. Paje ina tiara za wanaoteleza baharini, na kamba zake huzioni mpaka umefika. Pemba viwanja bapa ni vichache na minazi iko karibu, kwa hivyo rusha kutoka ukingo wa upande upepo unakoelekea, ukiukabili upepo, ili upate nafasi yote mbele. Mjini, njia za ndege zinazotua uwanja wa ndege wa Kisauni ziepuke kabisa, na kabla ya kurusha popote ulizia ruhusa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Chumvi na betri

Mota iliyo wazi inakusanya mchanga wa chuma na chumvi. Ifute kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, iache ikauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila beringi. Ikianguka baharini, chomoa betri kwanza, suuza mota, kidhibiti na sevo kwa maji ya mfereji mara mbili tatu, zikauke kivulini siku nzima kabla ya kuzijaribu. Risiva iliyolowa chumvi usiiamini tena hewani hata ikiwaka mezani.

Betri ichajiwe kwa ampea 1.3 kwa mAh 1300, mbele ya macho, juu ya sakafu au kigae. Ukiiweka zaidi ya siku chache, iache kwenye volti 3.8 kwa seli, si ikiwa imejaa. Umeme ukikatika chomoa chaja. Unaporudi kwa kishindo usiikute imechomekwa. Ukisafiri nayo kwa ndege kutoka Dar, iingie kwenye mkoba wa mkononi, plagi zimefungwa kwa selotepu, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Ikivimba au ikilowa maji ya bahari, itoe nje ya nyumba, itie ndani ya ndoo ya maji ya chumvi mbali na watoto kwa siku kadhaa mpaka volti iishe, ndipo uitupe.